Waingereza waliacha kusukumana, sisi bado

Neno la Kiingereza "crowd", ambalo kwetu ni umati au msongamano, halikuanza kama jina la watu wengi waliokusanyika. Lilikuwa kitenzi. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kusukuma, kubana na pia kwenda mbele kwa haraka, na matumizi yake kama jina la kundi la watu yalienea baadaye sana, karne ya 16. Waholanzi wanalo ndugu yake, "kruien", ambalo hadi leo ni kusukuma toroli. Na huku Norfolk ninakoishi, mashariki mwa Uingereza, wazee wa zamani waliliita toroli kwa jina lililotokana na kitenzi hichohicho. Songa yetu nayo imebeba maana hizo mbili, kwani ugali husongwa na safari husonga mbele.

Ajabu ni kwamba Waingereza wamebaki na umati, lakini kule kusukuma wamekuacha. Treni za chini ya ardhi za London hujaa jioni hadi abiria wakabanana kifua kwa mgongo, na bado walioko nje husimama kando ya mlango wakisubiri wanaoshuka wamalizike. Kituo cha daladala za Mbagala, jijini Dar es Salaam, saa 12 jioni, ni habari nyingine: vijana hupenyea dirishani, begi hurushwa ndani ili kushika siti, na mama mjamzito hubaki akilitazama gari likiondoka. Wenzangu wa ughaibuni huuita mtindo huu uchangamfu wa nyumbani. Mimi nauona ni ubabe tu.

Mkishaingia, lakini, mambo hugeuka. Aliyeketi humpakata mtoto wa aliyesimama bila kuulizana majina, nauli hupita mkono kwa mkono hadi kwa konda na chenji hurudi kwa njia ileile, na konda akiomba watu wajibane kidogo, watalalamika huku wakisogea. Ndani ya treni ya London kila mtu amezama katika simu yake, na anayemsalimia jirani huonekana ana lake jambo (nimejaribu, sipendekezi).

Sikubali, hata hivyo, kwamba mlangoni Waingereza wanatushinda kwa malezi. Mtanzania huyohuyo anayeingilia dirishani hupanga foleni benki na hospitalini bila kushurutishwa. Njia ya Victoria, jijini London, hupitisha hadi treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, kwa hiyo anayempisha mwenzake anajua kwamba ndani ya dakika mbili atapata nyingine. Abiria wa Mbagala hana ahadi kama hiyo, na hata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016 kwa matumaini makubwa, bado humweka kituoni muda mrefu kiasi kwamba likitokea moja, kuling'ang'ania ndiyo akili.