Poni wa pauni 1,200: maneno ya Mlamu aliyeko Devon

Mama alipotumiwa kwa simu picha ya Biscuit, poni wetu, aliuliza jambo moja tu: "Yuachukua nini?" Nikamwambia hachukui kitu, mama, anapandwa na mjukuu wako Jumamosi na Jumapili. Akanyamaza. Kwetu Lamu mnyama wa kwato huchukua: mawe, mchanga, saruji, mitungi ya gesi, bibi arusi akipenda. Nikamtajia bei, kama laki mbili za Kenya, na hapo nikamsikia akimpasha mtu aliyekaa karibu naye: "Amenunua punda wa kizungu, na yeye ndiye anayemtumikia."

Sina la kumbishia. Lakini kwa kuwa Waswahili wenzangu walioko Uingereza wameanza kuniuliza, maana watoto wao nao wameshaonjeshwa farasi na marafiki wa shule, nieleze nilichokutana nacho. Mimi ni mtunza wazee, nalipwa kwa saa. Bajeti yangu ya kumnunua mnyama ilikuwa pauni 1,200, na nilidhani hiyo ndiyo gharama.

Kwanza lugha yenyewe. Poni ni farasi mfupi, na urefu wake hupimwa begani kwa "mikono". Mswahili akisikia mnyama wa mikono 12 ataona twiga, kwa kuwa mkono wetu wa zamani ni dhiraa. Mkono wa Waingereza ni upana wa kiganja, inchi 4 basi. Biscuit wa mikono 12 ana sentimita 122 hivi. Akivuka mikono 14 na inchi 2 hesabu hubadilika, anaitwa farasi.

Kisha kuna lugha ya matangazo, nayo ina tafsiri yake. "Ana tabia zake" maana yake atakuangusha. "Hamfai anayeanza" maana yake ameshamwangusha mtu. "Anahitaji kazi kidogo" maana yake hakuna aliyemfundisha kitu. "Anauzwa bila kosa lake" huenda ni kweli, maana watoto hurefuka na poni harefuki, lakini ni sentensi ambayo kila muuzaji anaijua kwa moyo.

Wa kwanza kumwendea alikuwa kwa dalali, mwendo wa saa moja na nusu. Picha nzuri, bei imeingia kwenye bajeti yangu kama ufunguo kwenye kufuli. Tulimkuta keshatandikwa, lijamu mdomoni, shingo ina unyevu wa jasho, amelegea kama mtu aliyetoka kula mirungi usiku kucha. Binti yangu alimpanda, akazunguka naye polepole, akashuka anacheka. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni. Kilichonizuia ni mwalimu wake wa kupanda, tuliyekwenda naye kwa malipo kidogo ya muda wake. Aliniuliza kando: kwa nini ametandikwa kabla hatujafika? Kwa nini ana jasho? Poni mkaidi ukimchosha asubuhi, mchana anakuwa malaika. Anayechechemea ukimpa dawa ya maumivu, siku hiyo anatembea sawa. Wapo pia wanaotia dawa ya kutuliza. Sikusema dalali yule alifanya hivyo, wala sina ushahidi. Nilisema tutarudi kesho, tumwone akikamatwa malishoni. Kesho yake dalali hakupokea simu.

Nikiwa njiani kurudi nilimkumbuka marehemu baba alivyonunua punda wake wa mwisho kwa jirani wa mtaa wa Langoni, Lamu. Hakukuwa na tangazo. Mji mzima ulimjua punda yule: anapiga mateke akipakiwa kutoka kulia, aliwahi kumtupa baharini mtoto wa fulani, mama yake alikuwa mzazi mzuri. Muuzaji angeficha nini, na kwa nani? Huku unanunua kwa mtu usiyemjua, mnyama usiyemjua, na mahali pa mtaa pamekaliwa na karatasi.

Karatasi zenyewe si haba. Karibu kila farasi, poni na punda Uingereza lazima awe na pasipoti. Ndiyo, pasipoti, na aliipata upesi kuliko mimi. Tangu Oktoba 2020, hapa England lazima awe pia na chipu chini ya ngozi ya shingo, na namba yake ilingane na iliyo kwenye kijitabu. Angalia jambo moja ambalo wengi hulikosa: pasipoti haithibitishi umiliki. Ni kitambulisho cha mnyama. Kwa hiyo dai risiti yenye jina, tarehe na aliyoyaahidi muuzaji. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakulinda kiasi. Ukinunua kwa mtu binafsi, karibu uko peke yako.

Halafu kuna uchunguzi wa daktari wa mifugo, na hapa ndipo wenye bajeti ndogo hujidanganya. Uchunguzi kamili una hatua 5: anaangaliwa akiwa ametulia, anatembezwa na kukimbizwa, anafanyishwa mazoezi, anapumzishwa, kisha anakimbizwa tena. Damu huchukuliwa na kuhifadhiwa miezi 6, ili mguu ukianza kuuma wiki ya pili ijulikane kama alikuwa ametiwa dawa. Mimi nilitozwa pauni 340. Kulipa zaidi ya robo ya bei ya mnyama ili kuambiwa labda usimnunue kunauma, nakiri. Upo ufupi wake wa hatua 2, ambao ni nafuu. Ila chagua daktari wako mwenyewe, asiwe yule anayemtibia muuzaji mifugo yake.

Kuna mtego mwingine ambao hapa Devon uko mlangoni kabisa. Juu kwenye nyika za Dartmoor kuna poni wanaozurura, wote wana wenyewe, na kila vuli hukusanywa na wengine kuuzwa mnadani. Mtoto wa poni wa nyikani anaweza kwenda kwa bei ya viatu vya shule. Nilitamani mno. Nikasema binti yangu ana miaka 9, atakua na poni wake pamoja, kama hadithi. Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Mnyama huyo hajawahi kushikwa na mtu, hapandwi mpaka afikishe miaka 3 au 4, na anayemfundisha ni mtoto ambaye mwenyewe bado anafundishwa. Wakati huo wote anakula. Kwa familia inayoanza, poni mzee ndiye poni: miaka 15, 17, hata 20, aliyekwisha kulea watoto watatu na kuchoka na vituko vyao. Uzuri wa sura usiulipie hata senti.

Biscuit tulimpata bila tangazo. Mtengeneza kwato anayekuja pale tunapojifunzia alisikia tunatafuta, akasema yupo bibi mmoja kijiji cha tatu kutoka hapa, wajukuu wake wamekua, hataki kumtangaza kwa kuwa anaogopa atakayemchukua. Nadhani huko ndiko wanakouzwa poni wazuri wa bei ndogo, na huo ndio mtaa wao: mtengeneza kwato, daktari, mwalimu, mama wa chama cha watoto wapanda farasi. Mgeni hauoni mtaa huo kwa sababu hauna baraza. Bibi alitusaili zaidi ya afisa wa uhamiaji. Mnakaa wapi, mnakodi malisho ya nani, nani atakuja akiwa mgonjwa? Kisha, kabla sijauliza, akainua mguu wa mbele wa kushoto: "Huu uliwahi kuugua. Masika usimwache kwenye majani mapya." Nilijua hapo hapo kwamba tutanunua.

Ugonjwa wenyewe huitwa laminaitisi. Poni hawa wameumbwa kwa nyika kavu yenye majani duni. Ukiwatia kwenye shamba la kijani la Devon mwezi wa Mei, sukari ya majani huwaharibu, nyama ya ndani ya kwato inavimba, na mnyama anasimama kwa maumivu kama aliyekanyaga makaa. Kwa hiyo poni wangu nampimia majani kwa uzio wa umeme, na siku nyingine namvisha kifungo cha mdomo chenye tundu dogo ili asile sana. Naomba mnielewe. Mimi niliyekua nikiona punda wa Lamu wakitafuta maganda ya maembe majalalani usiku, baada ya kazi ya mchana kutwa, namvisha mnyama kifungo kwa kosa la kushiba. Picha hiyo sijamtumia mama.

Lakini tusijisifu mno. Mtaa wetu ulijua tabia za kila punda, na mtaa huo huo ulipita kila siku mbele ya vidonda vya mgongoni bila kusimama. Tulihitaji shirika kutoka hapa hapa Devon, The Donkey Sanctuary la Sidmouth, kuja kufungua kituo cha matibabu ya bure ya punda Lamu mwaka 1987. Utotoni niliona Wazungu wamekosa kazi. Leo napita karibu na makao yao nikiwa na ndoo ya kinyesi cha poni, sina ubavu wa kumcheka mtu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo pesa ilipo. Kukodi malisho bila huduma yoyote, kila kitu ujifanyie, pauni 25 kwa wiki. Nyasi kavu za majira ya baridi, zilifika 400. Kukata kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, pauni 40 kila mara, na huyo havai hata viatu vya chuma. Chanjo ya mafua na pepopunda, meno, dawa za minyoo, kama 200. Bima, 30 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ulinigharimu zaidi ya pauni 2,500, mara mbili ya bei ya poni mwenyewe, na sijataja tandiko, ambalo lazima limkae mgongoni sawasawa la sivyo unarudi kwenye vile vidonda vya Lamu. Anayekwambia amepata poni wa bure, mwulize analala wapi.

Na muda. Asubuhi kabla ya zamu, jioni baada ya zamu, Januari gizani, tope la magotini, maji ya kunywa yameganda nayavunja kwa nyundo. Peke yake hakai vizuri, ni mnyama wa kundi, ndiyo sababu tunakodi pamoja na wenzetu badala ya kumweka nyuma ya nyumba kama alivyopendekeza shemeji yangu wa Leicester. Kama haya yamekushinda kuyasoma, kuna njia ya kumchukua poni kwa makubaliano bila kumnunua, ama kwa mtu ama kwa mashirika ya kutunza farasi kama World Horse Welfare, na ukishindwa unamrudisha. Ningejua mapema, huenda ningeanza hivyo. Binti yangu hataki hata kusikia nikisema.

Naye amerefuka. Miguu yake inaning'inia chini ya tumbo la Biscuit, mwaka ujao hawataweza. Juzi baba mmoja pale malishoni, fundi bomba, ana mtoto wa miaka 6, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina mpango. Nimemwambia aje Jumapili asubuhi, amkute hajakamatwa. Nitaanza na mguu wa mbele wa kushoto.