Si fenicha tu, ni mwanga

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema nyumba za mtindo wa miaka ya 1950 bado zinapendwa kwa sababu ya fenicha zake. Ameacha kubwa zaidi: mwanga. Tazama nyumba ya Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Kimarekani, kule Los Angeles, iliyokamilika mwaka 1949. Fremu ni vyuma vilivyokwisha tengenezwa kiwandani, vioo vimetanda mbele, na safu ya mikaratusi inatia kivuli. Joseph Eichler, mfanyabiashara wa kujenga nyumba, naye aliwajengea watu wa kipato cha kati California maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa na ua wazi katikati. Sisi wa Pwani tunaujua utamu wa ua wa ndani! Mimi nimebomoa ukuta wa sebule nikaweka dirisha pana. Mama anashona hapo mchana kutwa bila kuwasha taa.