Nusu Kichwa

Nimeapa, kuanzia leo nikinyolewa ni kwa wembe. Nilikuwa nimekaa zangu kwa kinyozi hapa Kilifi, shuka shingoni, mashine inanguruma vizuri. Upande wa kulia umeshang'aa kama yai. Mara prrr, kimya. Upande wa kushoto bado msitu wa Arabuko-Sokoke.

"Stima imepotea," kinyozi akanitangazia, utadhani nilidhani jua limepatwa.

Na siku yenyewe ndiyo hii ninayotakiwa Malindi saa tisa kwenye posa, mimi ndiye msemaji wa ukoo. Shati nimelivaa bila pasi, kwa sababu tokeni za jana zilikwisha kabla ya chai. Hilo nimesamehe.

Basi mtu mzima nikakunja nne, nikatulia kama kadhi. Lakini benchini palikuwa na kijana wa bodaboda. Akaguna: "Ndiyo maana twataka nyuklia."

Angetukana mama wa mtu ingekuwa afadhali. Kumbe pembeni yake alikuwa babu mvuvi wa Uyombo, amekuja kupunguza ndevu tu. Na mwajua kijiji cha Uyombo walivyoandamana 2024 kuukataa mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa kwao.

"Mjukuu wangu," babu akaanza, kwa upole ule wa kutisha, "mtambo huo hupozwa kwa maji ya bahari. Maji yaingia baridi, yatoka moto. Changu na tafi watakaa humo, ama watahamia Somalia?"

Kijana akatoa simu, chaji asilimia nne. "Babu, Ufaransa zaidi ya nusu ya umeme wao ni nyuklia, na samaki wanakula! Haitoi moshi. Kwenye mkutano wa tabianchi Dubai mwaka 2023 mataifa zaidi ya ishirini yaliahidi kuiongeza mara tatu ifikapo 2050."

"Na Wajerumani je?" Huyo ni kinyozi, mashine iliyokufa imeinuliwa juu kama kipaza sauti. "Walizima mitambo yao mitatu ya mwisho Aprili 2023. Wajerumani ni wajinga?"

"Baada ya Fukushima waliogopa tu!"

"Fukushima ndiyo nini?" babu akauliza. Akaelezwa: mtambo wa nyuklia wa Japani, tetemeko, tsunami, mwaka 2011, watu wakahamishwa. Babu akanyamaza kidogo. "Ilikuwa kando ya bahari?" Ndiyo, babu. "Haya," akasema, akakunja mikono kama wakili aliyemaliza kesi.

Kijana hakukubali. Ati sasa mtambo watazamiwa kujengwa Siaya, huko Ziwa Victoria, Wapwani tumelala. Kinyozi akamkumbusha mvuke wa Olkaria: karibu nusu ya umeme wa nchi hii watoka ardhini Bonde la Ufa, na bado nchi nzima iliingia giza Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Kijana akafungua mdomo ajibu, simu ikazima. Akaitazama kama maiti ya ndugu.

Wakanigeukia mimi. "Ami, wewe wasemaje?"

Nikakohoa kama mtu wa busara. Nikasema suala hili lahitaji kupimwa kwa pande zote mbili. Wakacheka! Wananiangalia kichwani wakacheka mpaka babu akashika ubavu.

Hapo heshima ikanitoka. Nikawauliza: hizo megawati elfu moja mlizoambiwa zitawaka 2034, zitapita wapi? Si kwa nguzo hii hapa kona, iliyoinama kama mlevi? Si kwa transfoma hii ambayo kunguru akitua yapasuka? Wekeni jua, wekeni upepo, wekeni nyuklia mbili, mimi kichwa changu kimekatikia katikati leo! Na hiyo 2034 nitakuwa na upara, nitataka kinyozi wa nini?

Kimya. Kinyozi akaniambia kwa heshima nimlipe nusu bei.

Babu ndiye aliyenihurumia, akanivua aibu kwa kofia yake ya vito. Ndogo. Matatu nzima nimeishika kwa mkono kama naitikia wimbo wa taifa. Nafika Malindi, mjomba wa binti naye kofia ameivuta upande wa kushoto, mpaka sikioni. Tukatazamana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mahari ikapungua bila kelele. Ila ule pilau wao, sijui mchele waliuokota wapi, na jiko lenyewe la kuni huku wana jiko la stima pale ukutani, limefunikwa kitambaa, juu yake maua ya plastiki...