Miaka Mitatu Aliyojipunguzia Basil D'Oliveira

Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Alipofika Uingereza kucheza kriketi ya kulipwa, akasema amezaliwa 1934. Vitabu vya kumbukumbu vikalibeba neno lake kwa miaka mingi, na nimebishana zaidi ya mara moja na wapenzi wa kriketi wanaoliona kama doa kwenye jina la mchezaji mkubwa. Silioni doa hapo. Miaka ile mitatu ilikuwa yake. Kwao alikuwa amenyang'anywa mingi kuliko hiyo, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata mmoja.

Alikulia Signal Hill, mlima ulio juu ya mji, katika familia ambayo sheria za makaburu ziliiweka kwenye kundi la machotara. Mchana alifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji, mwisho wa wiki akacheza kriketi kwenye viwanja vya kokoto. Wachezaji walifika mapema waondoe mawe na kutandika mkeka, kwa sababu nyasi za kuchezea zilikuwa za wazungu. Kiwanja cha Newlands, mojawapo ya viwanja vizuri kuliko vyote duniani, kilikuwa katika mji wake mwenyewe. Aliruhusiwa kuingia kama mtazamaji tu, akikaa upande uliotengewa watu wa rangi yake.

Kati yao hakukuwa na wa kumfikia. Aliiongoza timu ya Waafrika Kusini wasio wazungu, na mwaka 1958 akaileta Kenya akiwa nahodha. Mwaka uliofuata timu ya West Indies chini ya Frank Worrell ilikuwa iende Afrika Kusini kucheza nao, lakini ziara ikafutwa, maana wapinzani wa ubaguzi walisema kwenda kucheza kwa masharti ya makaburu ni kuyabariki. Nadhani walikuwa na hoja nzito. Lakini yeye alikuwa anakaribia miaka 28, umri ambao mpigaji anaanza kuvuna alichojifunza ujanani, na shamba lenyewe hana.

Akamwandikia barua John Arlott, mtangazaji maarufu wa kriketi wa Uingereza, kwa wino wa kijani, akiomba amtafutie kazi. Arlott hakuitupa. Yeye na mwandishi wa habari John Kay walihangaika mpaka klabu ya Middleton, karibu na Manchester, ilipoachwa na mchezaji wake wa kulipwa dakika za mwisho. Wakampa D'Oliveira pauni 450 kwa msimu wa 1960. Nauli ya ndege peke yake ilikuwa kama pauni 200, na hakuwa nayo. Watu wa Cape Town wakachanga, wakacheza mechi za kukusanya fedha, na hata wazungu kadhaa wakajitokeza kucheza. Aliondoka Aprili, siku chache baada ya polisi kuwaua watu 69 Sharpeville, akimwacha mkewe Naomi akiwa mjamzito.

Anayedhani mchezaji mhamiaji huja kuokota fedha angejifunza kwanza kazi ilivyokuwa kwenye ligi zile za Lancashire, jimbo ilikokuwa Middleton. Klabu iliajiri mtu mmoja tu wa kulipwa. Wengine kumi walikuwa mafundi, makarani, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wanaocheza Jumamosi kwa mapenzi. Yule mmoja alitakiwa apige, arushe, adake, na ikibidi ashinde peke yake. Akifikisha mikimbio 50, yaani pointi 50 za kupiga, kofia inapitishwa kwa watazamaji, sarafu zinadondoka humo, na hiyo ni nyongeza ya mshahara. Asipofikisha, hakuna kofia, na wiki nzima anapita mtaani akijua kila mtu amesoma matokeo.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Kule kwao, mpira ukishaangukia mkeka uliruka haraka na juu. Middleton ulitua kwenye nyasi zilizolowa, ukajikokota, ukapinda ukiwa umeshachelewa. Yeye alikuwa ameshapiga hewa. Fikiria ugumu wake: mwili umezoea mdundo mmoja kwa miaka ishirini, sasa unatakiwa uusahau, ugenini, na mke na mtoto aliye tumboni wanasubiri fedha nyumbani. Mwenzake mmoja wa timu, Eric Price, alimsaidia kuisoma ardhi ile. Akajifunza kungoja. Alilinyanyua gongo kidogo sana, akauacha mpira umfikie karibu na mwili, kisha mikono yake minene ikafanya kazi iliyobaki. Mtindo huo wa kuchelewa, ambao baadaye Uingereza nzima iliusifu, naamini ulikamilika kwenye matope yale. Msimu ulipokwisha alikuwa na mikimbio 930, na wastani wake ulikuwa juu kuliko wa Garfield Sobers, nyota wa West Indies, aliyekuwa akiichezea Radcliffe katika ligi hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye umri. Mwaka 1964 alijiunga na timu ya kaunti ya Worcestershire, na mwaka uliofuata, katika mechi yake ya kwanza ya ligi ya kaunti, akapiga mikimbio 106 dhidi ya Essex. Mwaka 1966 Uingereza ikamwita. Alikuwa na miaka 34. Angesema ukweli, ni mteuzi gani angempa nafasi mgeni wa umri huo ili ajaribu? Mhamiaji yeyote wa kazi yoyote anaijua hesabu hii. Ulichofanya ulikotoka hakihesabiwi. Unahesabiwa kuanzia siku uliyoshuka. Mamia ya mikimbio yake ya Cape Town hayamo kwenye rekodi rasmi kwa sababu walioandika rekodi hawakuitambua kriketi ya watu wake. Kama wao walijipa haki ya kufuta zaidi ya miaka kumi ya kazi yake, naye alikuwa na haki ya kufuta mitatu ya kuzaliwa kwake.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Agosti 1968, kwenye kiwanja cha The Oval, mwenyeji alipona. D'Oliveira hakuwemo hata kwenye kikosi cha mechi ile dhidi ya Australia. Aliitwa baada ya Roger Prideaux kuugua. Akiwa na mikimbio 31, mpira uligusa gongo lake ukaingia mikononi mwa mlinda wiketi wa Australia, Barry Jarman, ukamponyoka. Angeudaka, D'Oliveira angetoka. Aliendelea mpaka akafika 158. Siku ya mwisho mvua kubwa ilifurika uwanja. Watazamaji waliteremka na mablanketi na mifagio kusaidia kukausha. Mchezo uliporudi, Uingereza ilihitaji kuwatoa Waaustralia wote kabla ya muda kwisha, vinginevyo ni sare. Australia waliganda, saa inakwenda, na aliyegoma kutoka ni Jarman yuleyule. Nahodha wa Uingereza, Colin Cowdrey, akampa D'Oliveira mpira arushe. Akaiangusha wiketi ya Jarman, yaani akamtoa, kisha Derek Underwood akawamaliza waliobaki, zikiwa zimesalia dakika chache.

Siku chache baadaye ilitangazwa timu ya Uingereza ya kwenda Afrika Kusini. Jina lake halikuwemo. Siku hiyo alikuwa amepiga 128 dhidi ya Sussex. Akasikia majina kwenye redio akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akalia, na mchezaji mwenzake Tom Graveney akamtoa pembeni. Kumbuka pia kwamba kabla ya hapo meneja wa kampuni ya sigara alikuwa amemwahidi pauni 4,000 kwa mwaka, kwa miaka 10, akubali kazi ya ukocha na ajiondoe mwenyewe. Kwa mtu aliyeanza na pauni 450, hiyo ilikuwa nyumba na maisha ya watoto. Hakuichukua. Mmoja wa walioteuliwa, Tom Cartwright, alipojitoa kwa jeraha katikati ya Septemba na D'Oliveira akaitwa nafasi yake, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akatangaza kwamba timu hiyo haitapokelewa. Ziara ikafa, na haikupita miaka miwili Afrika Kusini ikatengwa na kriketi ya kimataifa mpaka 1991.

Historia imeyaita haya sakata la D'Oliveira, na nakereka kila nikisoma neno hilo. Sakata lilikuwa la Vorster na la wateuzi wa Uingereza waliokaa kikao mpaka usiku wa manane. La D'Oliveira lilikuwa gongo. Aliichezea Uingereza mechi 44 za siku tano, akapata mikimbio 2,484 kwa wastani wa 40.06, akapiga mia mara tano na kuangusha wiketi 47. Mechi ya mwisho aliicheza 1972, akiwa na miaka 40. Soma takwimu hizo ukijua kwamba ni za mtu aliyeanza alipopaswa kuwa anamalizia, na hazitakuwa tena takwimu za wastani wa 40 tu. Mwaka 2000 Waafrika Kusini wenyewe walimweka kati ya wachezaji wao 10 wa karne, yeye ambaye hakuwahi kuvaa kofia yao.

Novemba 2011, Newlands, Afrika Kusini ilicheza na Australia. Wawili walikuwa wanaanza kuichezea Afrika Kusini mechi za siku tano: Vernon Philander, mtoto wa Cape Town ambaye makaburu wangemtenga kama walivyomtenga D'Oliveira, na Imran Tahir, mhamiaji aliyezaliwa Lahore, aliyekuwa amengoja miaka mpaka sheria za ukaazi zimruhusu. Tahir alikuwa na miaka 32. Philander aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 15, na Australia wote wakatoka kwa 47. Mwezi huohuo, huko Uingereza, D'Oliveira akafariki, na tangazo la kifo likaandika umri wake wa kweli, miaka 80.