Kenta Wazi Haina Siri

Mimi naendesha Kenta, bodi wazi. Mwenzangu mwenye bodi ya bati akishafunga milango yake miwili, hakuna anayejua kabeba saruji au kabeba mashemeji. Mimi nikipakia nyanya Ilula, mpaka naingia Dodoma nimeshakosolewa na kijiji kizima. Na mbuzi.

Juzi tulipanga kutoka saa kumi na mbili jioni, maana nyanya zinataka ubaridi wa usiku. Mama tajiri, mwenye mzigo, akavutana na mkulima bei ya tenga mpaka vibarua wakaenda kulala. Tukapakia alfajiri. Matenga 80, kila moja limejazwa likavimba, juu limevishwa kilemba cha nyasi na kufungwa kamba. Lumbesa mnaijua ya viazi tu? Njooni muone ya nyanya.

Jua likatukuta tunashuka mlima Nyang'oro, na hapo ndipo shida ya turubai ilipoanza. Ukifunika, nyanya zinatokwa jasho kama watu ndani ya daladala, ukifika unashusha rojo. Ukifunua, upepo unazinyausha na vumbi linazipaka poda. Sasa hapo kila mwenye macho ni bwana shamba. Izazi kijana wa bodaboda akanipita anapiga honi: "Dereva, funika, zinaungua hizo!" Nikasimama, utingo akafunika. Mbele kidogo mzee anachunga ng'ombe akaninyooshea fimbo: "We kijana, unazipika!" Utingo akafunua. Mama tajiri, pochi mapajani, akauliza kama leo tunasafirisha nyanya au tunaanika turubai.

Mtera ukipita hununui samaki, watu watadhani una matatizo nyumbani. Utingo wangu akanunua perege kamba nzima. Nikamwambia weka chini ya kiti. Akasema mama tajiri atalalamika harufu. Kweli, mama hakulalamika. Baadaye ndiyo nikajua perege wamening'inizwa wapi.

Getini kwenye ushuru huwa sifungui chochote, jamaa anahesabu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani 1 yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi. Nikamwambia kwa upole, mimi nimezidi kidogo tu. Akaangalia zile tani tatu na ushee zinavyokandamiza springi, akaniangalia na mimi, akachapa stakabadhi.

Fufu nikapunguza mwendo kwa sababu ya tuta. Bibi mmoja kasimama na mbuzi wake. "Mbukwa!" akasalimia. Utingo, kwa heshima, akaitikia "Mbukwa!" Bibi akachukulia kwamba ameruhusiwa. Sijabadilisha gia ya pili, mbuzi kapakiwa. Alipofika kwake akashuka, akaniombea heri ya safari, na mbuzi akashuka anatafuna. Matenga matatu hayana vilemba. Nyasi kala zote, na nyanya kaonja moja moja, kama anatafuta ya kununua.

Sasa mzigo wa juu ukawa unacheza, wa chini ukabanwa. Na yule mkulima, Mungu anamwona, zilizoiva kabisa alizificha chini ya tenga, juu kaweka zenye wekundu wa kitakoni tu. Zikapasuka. Trafiki akanisimamisha, akazunguka gari taratibu, akainama nyuma.

"Dereva, gari yako inavuja oili."

"Hapana afande, ni nyanya."

"Oili ya gia boksi nyingine ni nyekundu, usinifundishe." Akachovya kidole, akanusa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalamba. Kimya kirefu. "Mbona ina samaki?"

Nikamgeukia utingo. Utingo akawa anasoma mawingu.

Soko la Majengo tukaingia saa saba mchana, saa ambayo wanunuzi wa maana wameshakwenda kula. Waliobaki ni wale wa kuminya. Anaminya ya kwanza, anasikitika, anaminya ya pili, anasikitika zaidi, anaondoka na kutuachia nyanya mbili zenye alama za dole gumba. Mmoja akaniuliza kwa nini sikufunika. Jirani yake akamwambia zimefunikwa sana hizo.

Mama tajiri akapiga hesabu kwenye simu yake, akanikata hela ya mbuzi, hela ya kuchelewa (kuchelewa!), na iliyobaki akanimalizia kwa tenga moja la masalo, zile zilizopondeka. "Baba, usinune," akasema, "hizi kwa supu hazina mfano."

Nikalibeba mpaka nyumbani, shati lote jekundu, jirani akatoka mbio akidhani nimepata ajali. Mke wangu akafungua tenga, akainama, akanusa. Akanyanyuka na kuita kuelekea jikoni:

"Mama Mkubwa, injika ugali! Leo nyanya zimekuja na kitoweo chake."