Filimbi Isipolia

Ukitaka kuvuruga kijiwe cha wapenzi wa kikapu, uliza tu kama Michael Jordan wa Chicago Bulls alimsukuma Bryon Russell wa Utah Jazz. Ni mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, 14 Juni 1998, Salt Lake City, na Utah Jazz wanaongoza 86-85. Jordan anampora Karl Malone wa Jazz mpira, anapanda nao taratibu, anakwenda kulia kisha anakata ghafla. Russell anateleza. Mpira unatumbukia zikiwa zimebaki sekunde 5.2, na Chicago Bulls wanabeba ubingwa. Ukirudia video utauona mkono wa kushoto wa Jordan nyongani kwa Russell. Kuna wanaoapa kwamba ni mguso tu, jamaa alishaponzwa na kasi yake mwenyewe. Mimi naona alisukuma kidogo, na simlaumu.

Simlaumu kwa sababu kikapu ni mchezo wa kugusana kuliko sheria zake zinavyokubali. Pale chini ya goli wanapogombea mpira unaorudi, kila mmoja ana kiwiko mbavuni mwa mwenzake na mkono mwingine umeng'ang'ania jezi. Marefa ni watatu, miili ni kumi. Kila mtu akianza kujishtaki, mechi itaisha alfajiri.

Ya Jason Kidd mwaka 2013 ni kichekesho. Akiwa kocha wa Brooklyn Nets, muda unayoyoma dhidi ya Lakers na hana tena ruhusa ya kusimamisha mchezo, alimwambia mchezaji wake amgonge, kinywaji alichoshika kikamwagika uwanjani. Sakafu ikawa inafutwa huku benchi lake likipanga mbinu. Ligi ilimtoza dola 50,000. Na mechi walipoteza, 99-94, kwa hiyo nacheka kwa raha zangu.

Sicheki hata kidogo inapofika kwenye mguu. Mtu akiruka kurusha mpira yuko hewani, macho yako kwenye goli, hana namna ya kujikinga. Ukisogeza unyayo wako pale atakapotua, unakichezea kifundo chake cha mguu. Mei 2017, Zaza Pachulia wa Golden State Warriors alimsogelea hivyo Kawhi Leonard. San Antonio Spurs walikuwa mbele kwa pointi 23. Leonard, nyota wao, akaumia akatoka, Spurs wakafungwa 113-111, naye hakurudi tena katika mechi zilizobaki kati ya timu hizo mbili. Pachulia alikana kukusudia, na moyo wa mtu siujui. Ila msimu uliofuata ligi iliwapa marefa nguvu ya kurudia picha na kuadhibu vikali zaidi kosa la kumnyima mrushaji nafasi ya kutua. Adhabu ije, nia ibaki kwa mwenyewe.

Kwa hiyo swali langu kwa ujanja wowote ambao refa hakuuona ni moja: umemnyang'anya mwenzako nini? Mpira ataporwa leo na kesho atakupora wewe. Kifundo cha mguu hakirudishwi hivyo.

Kinachonishangaza zaidi ni viwanja vya mtaani, visivyo na refa kabisa. Mpira ukitoka nje, aliyeugusa mwisho anasema "wenu huo." Aliyechezewa rafu anaita faulo mwenyewe, mnazozana kidogo, mmoja anasema "haya, chukueni," mchezo unaendelea. Anayeita faulo kila akikosa goli anajulikana, na timu zikipangwa anabaki pembeni ameshika chupa ya maji. Waweke watu walewale kwenye ligi yenye filimbi: mpira ukitoka, wote kumi wananyoosha vidole upande wao, hata yule ambaye mpira umemgonga kwenye goti wazi kabisa. Ni kama uaminifu wao wameukabidhi kwa refa autunze mpaka mechi iishe.

Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya makocha wa vijana. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajajua kudunda kwa mkono wa kushoto, tayari anafundishwa kushika jezi upande ambao refa hayupo. Hayo ya jezi atajifunza mwenyewe akikua, hakuna asiyejifunza. Mkono wa kushoto, kocha asipomfundisha sasa, nani atamfundisha?