Mwanagenzi Bila Fundi Kando Yake

Hapa Lamu neno mwanagenzi halikuanzia hospitalini. Kijana anayejifunza kuchonga milango, au anayeshika keekee kwa mara ya kwanza kwenye ubavu wa jahazi linaloundwa Matondoni, ni mwanagenzi, na kila apitaye hujua kwamba karibu naye yupo fundi ambaye macho yake hayabanduki kwenye mkono wa kijana huyo. Ndiyo maana magazeti yalipozoea kuwaita madaktari wapya "madaktari wanagenzi" nililipenda jina hilo. Lakini tangu binti wa ndugu yangu ahitimu udaktari na kupangiwa hospitali moja mbali na hapa, ambayo sitaitaja, nimekuwa nikijiuliza fundi wake yuko wapi.

Mwaka huo wa uanagenzi si wa hiari. Baada ya takriban miaka sita ya chuo kikuu, daktari wa Kenya hupangiwa hospitali iliyoidhinishwa, akazunguka wodi za tiba ya jumla, upasuaji, watoto na uzazi kabla ya Baraza la Madaktari kumsajili kikamilifu. Miaka ya karibuni tumeuzungumzia mwaka huo kwa lugha ya fedha tu. Mkataba wa 2017 kati ya Serikali na chama cha madaktari uliweka malipo ya shilingi 206,400 kwa mwezi, Serikali ikaja na shilingi 70,000, na mgomo uliodumu siku 56 kuanzia Machi 2024 ulitokana kwa sehemu kubwa na tofauti hiyo, hadi mwishoni mwa mwaka huo Serikali ilipokubali kuufuata mkataba. Madaktari walikuwa na haki, nami sina neno juu ya hilo. Ninacholalamikia ni kwamba suala la nani anawafundisha halikupata hata robo ya kelele hizo.

Binti yetu alinipigia simu asubuhi moja, sauti imemkauka. Usiku mzima alikuwa zamu katika wodi ya uzazi, bingwa hapatikani, na daktari aliyemtangulia kwa mwaka mmoja tu alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Mama mmoja alianza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. "Ami," aliniambia, "aliyenifundisha jana ni sista wa wodi." Mama yule alipona, na sista yule ana shukrani zetu zote, hata hivyo kazi ya kumlea daktari haikuwa imeandikwa popote katika majukumu yake.

Mfumo wa kumfunza daktari akiwa kazini una historia ndefu. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, iliyofunguliwa 1889, William Osler na William Halsted waliwaweka madaktari vijana waishi hospitalini hasa, wakipanda ngazi mwaka baada ya mwaka chini ya jicho la wakubwa wao. Ulikuwa mfumo mkali, na ukali wake ulikuja kuonekana waziwazi. Libby Zion, msichana wa miaka 18, alipofariki katika hospitali ya New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari vijana waliolemewa na kazi, jimbo hilo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikawekwa kote Marekani. Mimi huona kwamba kesi ile ilihusu usimamizi kama ilivyohusu usingizi, ingawa saa ndizo zinazokumbukwa zaidi, pengine kwa sababu ni rahisi kuzihesabu.

Tena kule daktari anayesomea ubingwa hulipwa mshahara. Kwetu, anayejidhamini katika shahada ya uzamili hulipa ada, kisha akafanya kazi wodini usiku na mchana bila ujira, na nafasi hizo kwa sehemu kubwa ziko Nairobi na Eldoret. Atakayemaliza hivyo, na madeni shingoni, atakuwa amekwisha kuoa au kuolewa huko, watoto wako shule, naye apande basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, arejee kisiwani? Wapo wanaotaka afungwe kwa mkataba. Mkataba unaweza kumleta mtu kwa miaka miwili, mitatu, lakini hautamweka.

Njia ninayoiona ya busara tayari ipo. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa 1999 na chenye makao Arusha, huwafunza mabingwa ndani ya hospitali zilizoidhinishwa, daktari akiendelea na kazi yake chini ya wakufunzi walioko hapohapo. Najua pingamizi lake: mikono ya mpasuaji huhitaji wagonjwa wengi, na Lamu hatuna wingi huo. Ni kweli, wala sidai kwamba bingwa afunzwe hapa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini Mombasa ina wagonjwa, Malindi iko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na miezi michache Lamu ingemfunza anayesomea ubingwa kuamua mapema, kwa sababu mgonjwa aliyeletwa kwa boti kutoka Faza au Kiunga wakati wa kusi hana nafasi ya kuhamishwa mara mbili. Sharti ni moja: aje na mkufunzi wake. Tukileta vijana peke yao, tutakuwa tumeongeza tu wanagenzi wasio na fundi.

Binti yetu amekwisha kujaza fomu za Nairobi. Nilimuuliza kwa nini asingoje nafasi ya huku pwani, naye akaniuliza atafundishwa na nani. Nimempigia simu mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili tumezungumza juu ya ada.